Hayumo Kwenye Orodha

Kila Jumapili baada ya misa nilimpigia mama yangu simu na kumdanganya, na kwa kweli nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Yeye alikuwa kijijini kwetu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akisimama juu ya kichuguu nyuma ya kanisa, mahali pekee ambapo simu ilishika mtandao. Mimi nilikuwa Mbinga mjini, mwendo wa asubuhi moja kwa gari, nikimwambia niko Dar es Salaam. Nilikuwa nakwenda kupigia nyuma ya nyumba niliyopanga, kwenye migomba, mbali na stendi, asije akasikia makondakta wakiita Songea, Songea, halafu akaanza kujiuliza Songea imefikaje Dar.

Maswali yake yalikuwa yale yale. Umekula nini? Umesali? Una sweta? Hilo la mwisho lilikuwa linanichekesha. Zamani, nilipokuwa Dar kweli, alikuwa akiuliza kama nina chandarua. Sijui ni lini aliacha chandarua akaanza sweta. Nilimwambia, "Mama, Dar ni joto, watu wanalala na feni." Naye akajibu, "Hata hivyo. Mtu awe na sweta." Nilijisemea moyoni kwamba uzee umeanza kumchukua, na kwamba mtu ambaye hajawahi kuvuka Songea ana haki ya kutojua hali ya hewa ya pwani. Kisha nilirudi ndani kujifunika blanketi, maana Mbinga ya mwezi wa Juni haina utani.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar miaka miwili nyuma. Kampuni niliyofanyia kazi ilipunguza watu, nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Wakati ule kila kitu kilikuwa kimeachiwa huru: makampuni yalifunguliwa leo na kufungwa kesho, minara ya simu iliota vilimani mingi kuliko mahindi, na wanunuzi wa kahawa walikuwa wengi mpaka wakulima wakawa wanachagua wa kumnunia. Lakini kijijini kwetu hakuna aliyejua neno kupunguzwa. Walijua kwamba mtoto wao amekwenda kusomea kompyuta, kwamba padri alimwombea madhabahuni siku ya kuondoka, na kwamba kina mama wa jumuiya walimwimbia mpaka gari likapotea mlimani. Mtu aliyeimbiwa vile hashuki kwenye gari lile lile akiwa na begi moja na macho mekundu. Nikasema nitapumzika Mbinga wiki mbili, nijipange. Wiki mbili zile ndizo zilizokuwa zimefika miaka miwili.

Kazi niliipata kwenye mradi mdogo wa afya uliokuwa ukipeleka dawa za kifua kikuu kwenye zahanati za milimani na za ziwani. Nilitengeneza programu ya kwenye mtandao. Kila zahanati ilikuwa na kompyuta ndogo iliyokula umeme wa jua na modemu ya simu. Muuguzi akiifungua, aliona orodha ya wagonjwa wake wa wiki ile, kwa namba tu, bila majina. Jumatano jioni mimi nilichapa orodha zote, dawa zikafungwa kwenye pakiti kufuata orodha hizo, na Alhamisi alfajiri gari likaondoka. Aliyekuwa kwenye orodha alipata pakiti, na asiyekuwemo hakupata.

Gari lile lilipita kijijini kwetu, mbele kabisa ya kanisa. Kila Alhamisi nilipakia maboksi, nikafunga mlango wa nyuma, na dereva akaniambia, "Fundi, kiti cha mbele kipo wazi, twende ukale samaki." Kila Alhamisi nilimjibu kwamba kazi ni nyingi.

Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na ghala. Ndani kulikuwa na meza, kompyuta kubwa iliyobeba programu nzima, betri za akiba, na mimi. Kuna siku nilifika saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni bila kutamka neno, na nilipofika kwa muuza mkate nikakuta sauti imekauka. Usidhani nalalamika. Nilikuwa nimejitafutia mwenyewe. Mtu anayeficha alipo hawezi kuwa na marafiki, kwa sababu rafiki ana mdomo.

Basi Jumatatu moja ya msimu wa kuchuma kahawa, muuguzi wa zahanati ya ziwani alinipigia. Alikuwa mama wa makamo, mkali, asiyependa salamu ndefu kwa simu.

"Fundi, mgonjwa wangu hayumo."

"Yupi, sista?"

"Mia nne kumi na saba. Mvuvi. Amebakiza miezi miwili amalize dawa. Nimefungua orodha, hayumo. Wiki iliyopita hakuwemo, nikadhani yuko kwa wenzangu wa mlimani. Leo nimewapigia. Na kwao hayumo."

Nikamwambia atulie, nitaangalia. Nilipofungua kumbukumbu za mgonjwa huyo nikakuta zimetiwa alama ya kufungwa. Nikaifuta kwa mkono, namba ikarudi kwenye orodha yake. Nikampigia, nikamwambia tayari. Nilijiona mtu wa maana mpaka Jumanne asubuhi aliponipigia tena.

"Fundi, ametoka tena."

Hapo nikaudhika. Hitilafu inayotokea kila mara si tatizo, unaikamata kama kuku aliye bandani. Mbaya ni ile inayotokea ukigeuka. Nikamwambia pengine amebonyeza vibaya. Hapo akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Mwanangu, sikiliza. Huyu mtu ana siku kumi na mbili hajameza kidonge. Akikatisha dawa, ugonjwa ukirudi hausikii tena hizi tulizonazo. Nimezika wawili wa namna hiyo. Sitaki wa tatu awe amefutwa na kompyuta."

Nilikata simu nikaanza kazi.

Kwanza nilitia programu ile maneno. Ndivyo tunavyofanya: kila inapopita mahali, unaiamuru iandike mstari mmoja kwenye faili, kwamba nimefika hapa, nimeshika hiki, ninakwenda pale. Sisi tunaiita logi. Utotoni, mama yangu alipotangulia shambani, alikuwa akivunja tawi lenye majani na kulilaza kwenye njia panda, likiziba njia ambayo hakuifuata. Sisi watoto tuliokuja nyuma tulijua kapita wapi bila kuuliza mtu. Logi ni matawi yale. Unaiambia programu ivunje tawi kila njia panda, kisha unaifuata.

Nikaandika mistari yangu kwa Kiswahili, maana hakuna mwingine aliyeisoma. *Nimeingia kwenye orodha ya ziwani. Nimemwona 417. Naangalia kituo chake.* Nikakaa nikingoja. Zahanati zilipofungua orodha zao, mistari ikaanza kumiminika, mamia, kila namba na safari yake. Niliisoma mchana kutwa. Kuna upweke wa ajabu katika kusoma mamia ya mistari inayosema *nimefika* huku ukijua kwamba kila neno umeliandika wewe mwenyewe.

Jioni nikaiona. *Nimemwona 417. Kituo: mlimani. Nafunga ziwani.* Na mistari michache chini yake: *Nimemwona 417. Kituo: ziwani. Nafunga mlimani.* Baada ya hapo namba hiyo haikuonekana tena popote. Nilijua sasa alipopotelea, lakini sikujua kwa nini. Logi inakuonyesha njia aliyopita mtu, haikuonyeshi alikuwa amebeba nini mkononi.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi nikachukua dibaga. Dibaga ni programu inayosimamisha programu nyingine katikati ya hatua. Unachagua mstari, unaweka alama, na kazi ikifika hapo inaganda, mguu mmoja hewani. Wewe unaingia kuchungulia kila kitu ilichoshika wakati ule, unaisogeza hatua moja, unachungulia tena. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa kwenye kompyuta ya majaribio. Mimi sikuwa na kompyuta ya majaribio. Nilikuwa na hiyo moja, iliyokuwa ikihudumia zahanati zote. Nikampigia sista.

"Sista, nikikwambia bonyeza, ubonyeze orodha. Itakawia. Usiiguse."

"Haya."

"Bonyeza."

Akabonyeza kule ziwani, na huku mezani kwangu mstari ukaganda. Nikamwona mia nne kumi na saba kama nimemshika mkono: siku aliyoandikishwa, vidonge alivyomeza, vituo alivyopita. Nikaisogeza programu hatua moja. Hatua nyingine. Nilimsikia sista kwenye simu akipumua na, nyuma yake, watoto wakilia kliniki. Kwa muda ule, sikufichi, nilikuwa na furaha. Tulikuwa wawili tukitazama kitu kimoja.

Umeme ukakatika.

Kompyuta kubwa ilikuwa na betri, haikuzimika. Kilichozimika kilikuwa kioo cha mezani kwangu pamoja na simu yangu, niliyokuwa nimeichomeka ikiwa haina chaji. Nikatoka kutafuta mtu wa kuwasha jenereta. Mwenye ufunguo alikuwa msibani. Nilizunguka mji karibu saa nzima, na nilipopata ufunguo na kurudi, simu ilipowaka iliingiza ujumbe wa zahanati zote, za juu na za chini. Nilikuwa nimeiacha programu imeganda pale pale nilipoisimamisha, mguu hewani, na watu wote nyuma yake kwenye foleni. Hakuna zahanati iliyoweza kufungua hata ukurasa mmoja. Ujumbe wa sista ulikuwa mfupi kuliko yote: *Fundi, dunia imesimama. Tubanduke?*

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini kabla ya kuiachia nikaisogeza hatua moja ya mwisho, na hapo ndipo kosa lilipojitokeza, na lilikuwa kosa langu.

Nilipotengeneza programu ile, niliiwekea sheria: mgonjwa akiandikishwa kituo kipya, basi amehama, na kituo cha zamani kimfunge. Kule Dar nilikojifunzia kazi, sheria hiyo ilikuwa sawa. Mtu akitoka Temeke kwenda Kinondoni, amehama. Tena nikaongeza nyingine, kwa ujanja wangu: kituo kilichoandika kwamba mtu amehama kisimfungue tena, ili asihesabiwe mara mbili. Sasa huyu mvuvi alikuwa amepanda milimani kuchuma kahawa, akaandikishwa juu, ziwani ikamfunga. Akashuka siku tatu kwenye mazishi, akapitia dawa kwa sista, milimani ikamfunga. Ziwani nayo haikumfungua, kwa kuwa ilikuwa imeshaandika amehama. Nilipoifuta alama kwa mkono, orodha ilipofunguliwa tena sheria zilipita na kuirudisha. Juu walisema ameshuka, chini walisema amehama, na mtu akawa hayupo duniani.

Nikampigia sista kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwani wewe ni wa wapi?" akaniuliza.

Nikababaika. "Mbinga hapa hapa."

"Basi hujui hata watu wa kwenu. Watu wa ziwani kila msimu wa kahawa wanapanda kuchuma. Zikiisha wanashuka. Katikati hapo akifiwa anashuka, akizika anapanda. Babu zao walifanya hivyo. Hakuna aliyehama hapo. Mtu ameenda tu."

Nilijua. Hilo ndilo lililoniuma. Baba yangu mwenyewe alikuwa akipanda kila mwaka, na sisi tulikuwa tunahesabu wiki kwa kungoja ile harufu ya moshi wa milimani kwenye koti lake. Hakuna hata siku moja mama alituambia baba amehama. Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu nikiwa na miaka minne, na nilipokaa kuandika programu ya watu wa kwetu niliandika kama mtu wa Temeke.

Kurekebisha kulinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Niliondoa neno amehama, nikaweka ameenda, na nikaamuru vituo vyote viwili vimwache wazi, vikiambiana tu kidonge cha mwisho amekimezea wapi. Namba ikarudi kwenye orodha mbili. Lakini orodha haimezi dawa. Mtu mwenyewe alikuwa wapi?

Nikarudi kwenye logi, safari hii si kutafuta kosa bali kutafuta mtu. Nikapekua kuanzia chini kwenda juu. Na asubuhi ile ile, saa tatu, kabla sijaanza kusimamisha dunia, kulikuwa na mstari huu: *Zahanati ya mlimani imetafuta 417. Waliopatikana: 0.*

Niliutazama mstari ule muda mrefu. Maana yake ilikuwa moja. Saa tatu asubuhi kuna mtu aliyekuwa amesimama dirishani mwa zahanati ya mlimani, ameshika kadi yake, akaambiwa hayumo. Na zahanati ya mlimani ilikuwa nyuma ya mji. Ukitoka mlangoni kwangu unauona mlima wenyewe.

Nilikwenda kwa miguu, bodaboda ziligoma kwa utelezi. Mhudumu wa zahanati alimkumbuka. Alisema mzee alikuja, akaangaliwa, hakuonekana, akashukuru akaondoka, anachuma kwenye shamba la ng'ambo ya kijito. Hilo la kushukuru alilisema kana kwamba ni jambo la kawaida. Nikavuka kijito, nikapanda pembeni mwa mashamba ya ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayoshika maji mlimani, mpaka nikaingia kwenye kahawa. Ukungu ulikuwa umeshuka. Nikawasikia wachumaji kabla ya kuwaona, wakiongea Kinyasa, lugha ya kwetu, ambayo nilikuwa sijaisikia mdomoni mwa mtu mzima kwa muda mrefu isipokuwa kwenye simu ya Jumapili.

Yeye alikuwa peke yake kwenye mstari wa mwisho, kikapu kimefungwa kiunoni, amejitenga na wenzake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, shingo imetoka mishipa. Alipokohoa aligeukia upande wa pili na kuziba mdomo kwa kiwiko, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Nikajieleza, kwamba mimi ndiye wa kompyuta ya dawa, na kwamba namba yake ilipotea kwa kosa letu. Alinisikiliza huku akiendelea kuchuma, buni nyekundu tu, za kijani anaziacha.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani nimepona."

"Nani alikwambia umepona?"

"Kompyuta. Nimeambiwa orodha ni ya wagonjwa. Nikaenda mara ya kwanza, simo. Mara ya pili, simo. Nikasema basi, imeona humu kifuani pamekuwa safi, imenitoa. Nikashukuru Mungu. Ila kikohozi kilivyorudi nikasema nikaulize tena leo. Simo. Nikajua ni baridi tu ya huku."

Sikujua nicheke au nilie. Nikamwambia kompyuta haijui kupona, haijui hata kuugua, inajua ninachoiambia mimi tu, na mimi niliiambia uongo. Akanitazama kwa huruma, mgonjwa akimhurumia mzima, akafungua kikapu kiunoni na kusema basi twende.

Tulishuka taratibu, akisimama kupumzika kila penye jiwe. Kwenye jiwe la pili akaniuliza lile swali ambalo nilikuwa nimelikimbia miaka miwili.

"Wewe wa wapi?"

Ningeweza kusema Mbinga hapa hapa. Ulimi ulikuwa umeshazoea. Lakini alikuwa ameniuliza kwa Kinyasa, na nilipofungua mdomo nikajibu kwa Kinyasa, na kwa Kinyasa sikuwa na uongo ulioandaliwa. Nikamtajia kijiji. Nikamwambia kwetu ni pale chini ya kanisa, kwa yule mama msuka mikeka.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyekisia bei ikawa hiyo hiyo.

"Ndiyo. Nilisema ni wewe, wenzangu wakabisha. Tulikuona sokoni msimu uliopita, unanunua mkate. Umekonda."

"Mliniona?"

"Wachumaji wote wa kwetu walikuona."

Nilisimama. Nikamuuliza kama mama amepata habari hizo.

"Ni sisi tuliomwambia! Tulipomaliza kahawa tukashuka, tukaenda kumsalimu. Tukamwambia mwanao hayuko Dar, yuko Mbinga, anafanya kazi kwenye dawa. Mmoja wetu akasema huyo mtoto amewatupa, amehamia kwa Wamatengo. Mama yako akamgombeza. Akasema, hajahama, ameenda. Mwacheni, msimsemeshe mkimwona, atashuka akichoka." Akakohoa, akaziba mdomo, akapumua. "Ndiyo maana hatukukusalimia. Usituone watu wabaya."

Mwaka mzima, basi. Mwaka mzima watu wa kwetu walikuwa wakipita karibu yangu sokoni, wakinyamaza kwa amri ya mama yangu, na mimi nilikuwa nikirudi chumbani nikijihurumia kwamba Mbinga hakuna anayenijua.

Nilimfikisha zahanati. Mhudumu akafungua kompyuta, namba ikaonekana, akampa maji na vidonge, akameza mbele yetu. Alimeza kimoja kimoja, amefumba macho. Jioni ile niliandika pakiti yake kwa mkono wangu ili Alhamisi isiwepo nafasi ya kosa, nikampigia sista. Alisema, "Afadhali," akakata simu. Daktari wa mradi aliagiza mzee apimwe makohozi upya na kuongezewa muda wa dawa. Alimeza zote, nusu mlimani na nusu ziwani, na mara ya mwisho alipopimwa alikuwa safi kweli, kwa darubini, si kwa orodha.

Alhamisi nilipakia gari kama kawaida. Dereva akasema kiti kipo wazi. Nilishika mlango, nikafikiria miaka miwili, nikamwambia kazi ni nyingi. Ndivyo nilivyokuwa. Mtu anaweza kurekebisha programu nzima kwa nusu saa na akashindwa kukaa kwenye kiti.

Jumapili nikatoka misani, nikaenda kwenye migomba yangu. Sasa nilikuwa najua, na yeye hakujua kwamba ninajua. Nilifikiria zile Jumapili zote, yeye juu ya kichuguu na upepo wa ziwa ukimpiga, akiniuliza maswali yake, na mimi fundi wa kusoma logi nikimcheka kwamba hajui hali ya hewa.

Akapokea. Nimekula? Nimekula. Nimesali? Nimesali.

"Una sweta?"

"Ninalo, mama," nikasema. "Ila limetoboka kiwiko. Na huku Mbinga mwezi huu baridi ni kali."

Nikausikia upepo, na kengele ya kanisa letu ikipigwa kwa ajili ya ibada ya watoto. Nilijiandaa kwa kilio, au kwa lawama, nilikuwa nastahili vyote. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya siku zote.

"Lilete nilishone. Gari lenu la dawa linapita hapa Alhamisi."

"Unalijua gari letu?"

"Nisilijue? Kila Alhamisi nikilisikia linashuka mlimani, natoka nje nasimama, niangalie nani amekaa kile kiti cha mbele."